Machozi ya Meneja

Katika msiba wa fundi majokofu, aliyelia kuliko wote alikuwa mbwa, na hilo halikuwa na mbishi. Waliokuja kutoa mkono wa pole walimkuta amelala mlangoni pa karakana, kidevu juu ya miguu ya mbele, machozi yanamchirizika mashavu yote mawili mpaka manyoya yamefanya mifereji ya rangi ya kutu. Hayakuwa machozi ya kuzugia. Yalitoka asubuhi, yakatoka mchana, jioni bado yanatoka, hayana kwikwi wala kelele, kama bomba ambalo mwenye nyumba ameshachoka kulikaza. Wanawake walimtazama, wakashika tama, wakaanza kulia upya. Wanaume waliokuwa wamejikaza tangu makaburini walimtazama, wakageukia ukutani wakisingizia vumbi.

Mjane alikuwa jikoni anapanga vikombe. Hakulia.

Mbwa aliitwa Meneja. Fundi ndiye aliyempa jina hilo, kwa sababu tangu akiwa mdogo wa kubebwa kwenye kofia alikuwa akikaa mlangoni pa karakana tangu inafunguliwa mpaka inafungwa, hafanyi kazi yoyote, na kila anayeingia anamwamkia. Mjane naye alikuwa na jina lake la mtaani, Bi Tanzia, maana ndiye aliyesoma matangazo ya vifo redioni kila siku baada ya habari za mchana. Mji mzima ulimjua kwa sauti. Akiingia dukani akaomba chumvi, lazima atokee mtu wa kunyamaza ghafla, asikie nani amekufa.

Kazi ile ilikuwa na sheria moja, nayo alifundishwa na mkuu wake wa kwanza, bwana mmoja aliyefunga tai hata siku za mapumziko. Msomaji halii. Marehemu si wako, alimwambia, na hata akiwa wako, si wako mpaka taa nyekundu ya studio izime. Anayelia kwenye kipaza sauti anawapora wafiwa zamu yao, na isitoshe anakosea majina. Bi Tanzia aliishika sheria hiyo kwa mikono miwili. Aliwasoma majirani, akawasoma walimu wake wa shule ya msingi, akamsoma mpaka yule bwana mwenye tai. Sauti haikupanda, haikushuka. Watu walimsifu. Walisema tanzia ikisomwa na yule mama, hata marehemu mwenyewe anatulia.

Ilipofika zamu ya mumewe wakaacha kumsifu.

Fundi alianguka karakanani akiwa na bisibisi mkononi, mbele ya jokofu la mteja, na hospitalini hawakuwa na la kufanya ila kuwaita ndugu. Kesho yake tangazo likafika studio. Mwenzake Bi Tanzia alikuwa tayari kulisoma, lakini jina la kati la marehemu lilikuwa la babu wa upande wa mama, jina gumu lenye kona nyingi, na mwenzake huyo kila alipolijaribu alilivunja mahali papya. Bi Tanzia alikuwa amekuja kuomba ruhusa tu. Akaweka mkoba chini, akavaa hedifoni, akalisoma yeye. Akasoma jina lote, alikozaliwa, kazi aliyoifanya. Alipofika kwenye "ameacha mjane", akasoma "ameacha mjane", akaendelea na saa ya maziko. Kisha akasoma tangazo lililofuata, la mama mmoja mkulima. Fundi mitambo, upande wa pili wa kioo, alikuwa analia mpaka amesahau kupandisha muziki. Bi Tanzia akamnyooshea kidole apandishe.

Hilo ndilo wakwe hawakulimeza.

Aliyelikataa kabisa ni wifi yake, dada mkubwa wa marehemu, mpambaji wa kumbi. Wifi Mkubwa alikuwa mtu wa vitambaa, maua ya plastiki na viti vilivyofungwa utepe, na aliamini kwa moyo wake wote kwamba jambo lisiloonekana halijafanyika. Harusi bila pazia la nyuma ni watu wawili wamekaa. Msiba bila mjane wa kulia ni watu wengi wamekaa. Siku ile ya matanga alisimama katikati ya ukumbi wa nyumba ya nduguye, akasema kwa sauti ya kufika jikoni:

"Ana macho makavu yule. Mbwa analia, yeye anauliza nani hajapata chai."

Bi Tanzia alisikia. Akapeleka chai kwa wale ambao hawajapata.

Tangu hapo Meneja akawa mfiwa rasmi. Wifi Mkubwa alifika kila alipopata nafasi, akaweka stuli karakanani kando ya mbwa, akakaa naye. Alileta marafiki zake wamwone. Alimpiga picha akiwa chini ya picha ya marehemu, akaisambaza kwenye simu za ukoo mzima, na watu wa mbali, ambao hata maziko hawakuja, wakaandika kwamba picha ile imewatoa machozi. Binamu mmoja alisema hajawahi kuona mapenzi kama yale kwa binadamu. Kila mtu alielewa binadamu gani anasemwa.

Walichokijua wote, lakini hakuna aliyekitia maanani, ni kwamba Meneja alikuwa mgonjwa wa macho wa siku nyingi. Alikuwa na presha ya macho. Maji ya ndani ya jicho hayapati pa kutokea, jicho linakaza kama mpira uliopigwa pampu kupita kiasi, mbwa anaumwa kichwa na taratibu anakwenda upofu. Jicho la kushoto lilikuwa limeshakwenda kabla hawajagundua; lilibaki linang'aa kama gololi, zuri la kutazamwa, halioni hata ukuta. La kulia liliokolewa na dawa ya matone, na dawa ile haina sikukuu. Ilitiwa macho yote mawili, maana jicho lisiloona nalo linauma, kila siku, kwa miaka. Bi Tanzia alitia ya asubuhi na ya jioni. Ya mchana ilikuwa ya fundi, aliyemtilia pale pale karakanani mkewe akiwa hewani. Baada ya msiba ya mchana nayo ikawa ya Bi Tanzia. Akimaliza kusoma vifo vya watu anakimbilia nyumbani, anakibana kichwa cha mbwa katikati ya magoti, anatia matone, anarudi kazini na manyoya kwenye sketi.

Na uso ule ulilowa kabla ya msiba. Hilo Bi Tanzia alilikumbuka vizuri, kwa sababu fundi alikuwa akilalamika kwamba kila akinyanyuka kwenye kiti goti la suruali limelowa, pale Meneja alipoegemeza kichwa. "Huyu anavuja," alisema. Akamkagua mbwa kama anavyokagua jokofu, akatoa hukumu kwamba mpira wa mlango umechoka. Wakacheka, wakasahau. Halafu fundi akafa, na machozi yale yale, kwenye uso ule ule, yakapata maana.

Bi Tanzia hakumwambia mtu. Si kwamba alificha. Watu walikuwa wanafarijika, na yeye kazi yake haikuwa kuwakatiza wafiwa.

Ila majira yalivyosogea machozi yakachafuka. Tongotongo zikawa za manjano, nzito, zinazogandisha kope asubuhi mpaka zipanguswe kwa maji ya uvuguvugu. Kona ya jicho la kulia ikavimba. Manyoya ya shavuni yakanyonyoka, ngozi ikabaki nyekundu na mbichi, na Meneja akaanza kujisugua uso kwenye kona ya ukuta kama mtu anayetafuta kufuta jambo. Harufu ikaja. Wifi Mkubwa alipokuja kukaa naye safari hii, alisogeza stuli nyuma kidogo, akasema uchungu umemzidi mnyama, sasa unamla.

Bi Tanzia akampeleka kwa daktari wa mifugo.

Daktari yule alikuwa mwanamke wa buti za mpira, mwenye chumba cha matibabu nyuma ya duka la pembejeo, katikati ya magunia ya pumba na mabomba ya kunyunyizia. Mchana mzima anashinda na ng'ombe. Alikuwa na adabu sana kwa wanyama na hana muda na wenye wanyama. Alimwomba Meneja radhi kabla ya kumshika kidevu, akamwambia Bi Tanzia anyamaze ashike mgongo.

Akamdondoshea rangi ya kijani, tone moja kila jicho. Akachukua karatasi laini nyeupe, akaiweka chini ya pua, akangoja. Alieleza huku anangoja. Rangi ikiingia jichoni inatakiwa itokee puani, maana jicho na pua vina njia moja. Kila mwenye jicho anatengeneza machozi mchana na usiku, awe na huzuni asiwe nayo, na machozi hayo yanashuka kwenye vitundu viwili vidogo vilivyoko kwenye kona ya kope, kimoja juu kimoja chini, yanaingia kwenye mrija, yanaishia puani. Ndiyo sababu mtu akilia kweli, pua nayo inatiririka.

Wakangoja. Karatasi ikabaki nyeupe. Rangi yote ilikuwa inashuka mashavuni, mistari miwili ya kijani, na Meneja akawatazama mmoja baada ya mwingine kama mgombea aliyepakwa rangi na wapambe wake.

"Vimeziba," daktari akasema. "Vyote vinne."

Akamsogezea taa aone. Pale penye kitundu palibaki kovu, kama tundu la hereni la mtu aliyeacha kuvaa hereni. Bi Tanzia akauliza kinachoziba ni nini. Daktari akasema mara nyingine mbwa anazaliwa hivyo, mara nyingine ni kidonda au uchafu, ila kwa mbwa anayetiwa matone kwa miaka, yeye macho yake yanakwenda kwanza kwenye matone. Dawa inaunguza kidogo kidogo. Ngozi ya ndani ya kitundu inavimba, inapona, inavimba tena, mwishowe inajifunga. Huenda ni dawa yenyewe, huenda ni kile wanachochanganya isiharibike chupani. Si kila mbwa yanampata. Huyu yamempata.

"Kwa hiyo ni mimi," Bi Tanzia akasema.

"Ni dawa."

"Mkono unaotia ni wangu."

"Basi ni mkono wako, dada. Na usithubutu kuacha kutia."

Hapo daktari akamwangalia kwa mara ya kwanza, akamweleza taratibu, kwa adabu kama anayoitumia kwa ng'ombe. Matone yakiachwa, presha inapanda, jicho la kulia linakwenda lilikokwenda la kushoto, na linakwenda kwa maumivu. Watabadilisha, watumie ya aina nyingine, isiyo na hicho cha kuzuia kuharibika. Atapewa dawa ya kukausha usaha. Usaha ukikauka atalazwa kwa nusu kaputi, vitundu vipanuliwe, mirija isafishwe kwa maji ya sindano, kisha iachwe ndani kijibomba chembamba kama uzi kwa wiki kadhaa ili njia isijifunge tena. Hakuahidi. Alisema kuna mirija inayofunguka ikabaki wazi, na kuna inayofunguka ikajifunga daktari hajanawa mikono.

Bi Tanzia akasema wafanye.

Jioni ile ile simu ya Wifi Mkubwa ikaingia. Alikuwa na habari zake. Kumbukumbu ya marehemu ilikuwa imekaribia, naye ameshapata ukumbi, na amepanga meza ya mbele iwe na picha kubwa ya fundi, mashada pande mbili, na katikati, juu ya mto mweupe wa satini, Meneja. Hakuna haja ya hotuba ndefu, alisema. Watu watamwangalia tu. Bi Tanzia akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamweleza habari ya matone, vitundu, mirija, rangi ya kijani na nusu kaputi, kwa mpangilio, bila kuruka kitu.

Kisha Wifi Mkubwa akauliza kama hilo zoezi haliwezi kungoja kumbukumbu ipite. Bi Tanzia akasema jicho linatoka usaha. Wifi akasema siku chache tu. Bi Tanzia akasema Alhamisi asubuhi, kwa sauti ile ile anayosemea saa ya maziko, na sauti ile haijawahi kujadiliwa na mtu.

Siku ya kumbukumbu Meneja aliingia ukumbini na kola ya plastiki shingoni, pana kama pembe ya spika ya mkutano wa hadhara, uso mkavu. Watu walikuwa wamekuja na leso zao mkononi. Walimsubiri. Alipandishwa kwenye mto wa satini, akajizungusha, kola ikaangusha shada la kushoto, akalala. Aliitazama hadhira kwa jicho moja safi lisilo na hata unyevu wa kusingizia, akapiga mwayo. Leso zikarudi mikobani moja moja. Shangazi mmoja wa mbali aliinama akamuuliza jirani yake kama mjane amepata mchumba, maana anaona hata mbwa kaacha kulia.

Watu walipoondoka, familia ikaitana kwenye chumba cha nyuma cha ukumbi, ambako Wifi Mkubwa alihifadhi vifaa vyake. Walikaa kwenye viti vyenye utepe wa waridi, kati ya matao ya maua na njiwa wawili wa mapambo, wa povu gumu. Baba Mdogo, mdogo wa baba wa marehemu, ndiye aliyeshika uenyekiti, kwa sababu alikuwa wa mwisho kubaki katika rika lake, na kwa sababu ukikaa karibu na sikio lake zuri alikuwa mtu wa haki. Shemeji, mdogo wa marehemu, alikaa karibu na mlango. Alikuwa mwalimu wa udereva, na maneno yakianza kupanda mguu wake wa kulia ulikanyaga breki isiyokuwepo. Meneja alilala chini ya kiti cha Bi Tanzia.

Wifi Mkubwa akatoa mashtaka akiwa amesimama. La kwanza, kwamba mke wa nduguye hakumlilia mumewe, mji mzima shahidi, na redio juu yake. La pili, kwamba yale machozi ambayo ukoo uliyapokea kama machozi, wakayapiga picha na kuyaheshimu, kumbe yalitengenezwa na huyo huyo asiyelia, kwa chupa, asubuhi, mchana na jioni, na akanyamaza. La tatu, kwamba alipoombwa angoje siku chache, aliharakisha kumfuta mnyama machozi ili wote waonekane sawa na yeye. Alisema haya bila kutafuta maneno, kama mtu aliyeyapanga kwenye meza na kuyafunga utepe.

Bi Tanzia akaulizwa kama ni kweli. Akasema la kwanza ni kweli. La pili ni kweli, ila halikutoka kwa makusudi, na kunyamaza alinyamaza kwa kuwa hakuna aliyemuuliza. La tatu, jicho lilikuwa linatoka usaha.

Baba Mdogo akaomba arudiwe hilo la mwisho, upande wa sikio zuri. Akarudiwa. Akatikisa kichwa kwa muda, kisha akatoa shauri lake. Meneja ni mbwa wa marehemu, marehemu ni mtoto wa ukoo. Bi Tanzia akiomba radhi hapa mbele ya ndugu, mambo yaishe, aondoke na mbwa wake, na atakayelifufua jambo hili atajibu kwake yeye. Asipoomba, mbwa anakwenda kwa Wifi Mkubwa.

"Na hiyo chupa haikanyagi kwangu," Wifi Mkubwa akasema. "Imemliza vya kutosha."

Hapo ndipo Bi Tanzia alipoona jambo lenyewe limekaa wapi. Siku chache bila dawa zingetosha. Jicho la kulia lingeanza kukaza, Meneja angeanza kugonga miguu ya meza, na nyumba ya Wifi Mkubwa ilikuwa imejaa miguu ya meza. Angeumwa, na mbwa hasemi kinachomuuma. Wifi angemkuta kimya kwenye kona akadhani ni huzuni, akampiga picha.

Dhidi ya hilo kulikuwa na neno moja. Na neno lenyewe alikuwa analisema kila wiki, maana redioni umeme ukichezacheza yeye ndiye anayewaomba wasikilizaji radhi kwa usikivu hafifu, na hana hata kosa. Shemeji akamwinamia. "Shem, sema tu yaishe," akanong'ona, mguu uko kwenye breki. "Mimi wanafunzi wangu nawafundisha kuomba samahani kabla hawajagonga. Ni neno tu."

Ni neno tu. Lakini akiomba radhi kwa kutolia, atakuwa amekubali kwamba siku ile studio, jina la kati la mumewe likitoka zima, kona zake zote, mbele ya mji mzima, alikuwa hafanyi kitu. Akiomba radhi kwa dawa, atakuwa amekubali kwamba ile miaka ya kubana kichwa cha mbwa katikati ya magoti ilikuwa ukatili. Akaangalia chini ya kiti. Kola ilikuwa inapanda na kushuka na pumzi. Jicho la mbwa lilikuwa kweli, halikuwa hoja. Akafungua mdomo, na kwa hakika hakujua kitakachotoka.

"Ni saa ya dawa," akasema.

Akafungua mkoba, akatoa chupa, hakuitumia. Alisimama, akaiweka mkononi mwa Wifi Mkubwa, akavikunja vidole vya wifi yake juu yake kimoja kimoja. Akamwambia kwamba kama anamchukua, amchukue sasa, na kama haitaki dawa, aikatae akiwa anamtazama mbwa, si akiwa amesimama. Atie mara moja hii tu, mbele ya baba. Kesho akitaka aitupe.

Wifi Mkubwa akamtazama Baba Mdogo. Baba Mdogo hakuwa amesikia vizuri, akaitikia kwa kichwa.

Basi Wifi Mkubwa akapiga magoti na gauni lake la shughuli, akaivua kola, akamshika Meneja. Alimshika kama wanavyoshika watu wasiowahi kutia mtu dawa, kwa vidole vya pembeni, mbali. Mbwa akageuza kichwa. Akamrudisha. Tone la kwanza likaangukia puani. La pili likagonga mfupa wa shavu, likateremka taratibu kwenye ile ngozi nyekundu, likaning'inia kidevuni. Wifi Mkubwa akaliangalia tone lile. Mkono ukaanza kumtetemeka, akalifuta kwa utepe wa gauni lake.

"Hakuna aliyelia na mimi," akasema. Alikuwa anamwambia mbwa, au sakafu. "Wewe, wifi, uko na vikombe vyako. Wanaume hawa wamejikaza kama nguzo za umeme. Mimi nilikuwa naweka stuli pale karakanani, nalia, naye analia. Tunalia wawili. Leo unaniambia nilikuwa nalia na bomba lililoziba."

Shemeji aliondoa mguu kwenye breki. Mmoja wa wale njiwa wa povu alikuwa ameegemea tao, na kwa sababu hapakuwa na pengine pa kutazama, wote walimtazama yeye.

Bi Tanzia akapiga magoti upande wa pili wa mbwa. Hakumkumbatia wifi yake wala hakumpa leso. Akakichukua kidole gumba cha Wifi Mkubwa, akakiweka chini ya kope la chini, akakivuta kidogo mpaka pakafanyika kijimfuko cha waridi. "Hapa," akasema. "Usimkabe, anakujua. Sasa mkono wa chupa uegemeze juu ya paji lake, ndiyo utaacha kutetemeka." Wifi Mkubwa akaegemeza. Tone likaingia. Meneja akapepesa, akapepesa tena. Kwenye shavu hakikushuka kitu. Kisha akalamba pua yake, akakunja uso kwa uchungu wa dawa iliyofika huko, na Bi Tanzia akauona ule ulimi ukirudi ndani akajua njia iko wazi.

Wifi Mkubwa akavuta kamasi kwa sauti isiyokuwa ya mpambaji wa kumbi. Akakaa vizuri sakafuni, gauni lote limetapakaa. Akasema mbwa abaki kwa Bi Tanzia, yeye mkono wake hauwezi jambo hili kila siku ya Mungu, atamtoboa. Baba Mdogo akauliza amesema nini. Shemeji akamwambia amesema abaki. Baba Mdogo akasema vizuri.

"Lakini radhi naitaka, wifi," Wifi Mkubwa akasema. "Mbwa ni mbwa, na radhi ni radhi. Mbele ya baba."

"Haki yake, mwanangu," Baba Mdogo akasema. "Mwenzio ameshashuka. Na wewe shuka, tukale."

Wote wakamgeukia. Bi Tanzia alikuwa bado amepiga magoti, manyoya kwenye sketi, kichwa cha Meneja katikati ya mikono yake. Akalifikiria jambo hilo kwa haki, kama alivyofikiria kila jina gumu kabla ya kulitamka. Sauti haikupanda, haikushuka.

"Siombi," akasema. "Siombi kwa kutolia, siombi kwa dawa, na ya Alhamisi ndiyo kabisa siiombi. Wifi, shika kichwa. La kushoto bado."